Je, "Ndorobo" ni jina la jamii au ni jina la dharau? Swali kutoka shule iliyo kandokando ya Mau

Mwalimu wa Nyanda za Juu ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa Somo la Jamii katika shule ya msingi iliyo upande wa mashariki wa msitu wa Mau, na nimekuja kuomba msaada katika jambo ambalo limeninyima utulivu kwa siku kadhaa. Wiki iliyopita nilikuwa nikifundisha habari za wakazi wa kwanza wa nyanda za juu za Kenya, nikitumia maandalio niliyoachiwa na mwalimu aliyenitangulia, ambayo yanasema kwamba Wandorobo walikuwa wawindaji waliotangatanga msituni kabla ya makabila mengine kufika. Nilipolitamka jina hilo sehemu ya darasa ilicheka, na msichana mmoja aliinamisha kichwa wala hakukiinua tena hadi kengele ilipolia.

Siku iliyofuata nyanya yake alikuja shuleni. Hakuja kugomba. Alinisalimu kwa heshima, akakaa, kisha akaniambia: "Mwalimu, sisi ni Ogiek. Hilo jina lingine tuliitwa, hatukujiita." Nilimwomba radhi, naye akaipokea, lakini nilibaki na aibu kwa sababu nilikuwa nimelifundisha jina hilo kwa miaka mingi bila kujiuliza limetoka wapi.

Naomba wenye maarifa wanisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, asili ya jina hili ni ipi, na lilipataje kuwa tusi? Pili, nifanye nini ninapokuta jina hilo katika maandishi ya zamani, ambako mara nyingi hakuna jina lingine lililotumika? Sitaki kuwaficha wanafunzi historia, lakini pia sitaki kumjeruhi mtoto mwingine.

Mpenda Tarehe amejibu:

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuendelea na somo.

Jina hili limetoka katika lugha ya Kimaa. Wamaasai husema *iltorrobo* kwa watu wengi na *oltorroboni* kwa mtu mmoja, wakimaanisha mtu asiye na ng'ombe na kwa hiyo, machoni pa mfugaji, maskini anayelazimika kula nyama ya mwitu. Zingatia kwamba maana hiyo haimtaji mtu kwa nasaba yake, lugha yake wala nchi yake, bali kwa kitu alichokikosa, tena kitu ambacho msemaji ndiye anayekithamini. Mwenye msitu wenye asali hakujiona maskini mpaka alipotazamwa na mwenye ng'ombe.

Ndiyo maana jina moja lilibandikwa watu wasiohusiana hata kidogo. Ogiek wa Mau husema lugha ya jamii ya Kikalenjin. Yaaku wa msitu wa Mukogodo, kule Laikipia, walikuwa na lugha ya Kikushi kabla ya kuiacha na kushika Kimaa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Sengwer wa vilima vya Cherang'any wana historia yao. Wote hao, kwa mfugaji, walikuwa *iltorrobo*, na mpaka wa jina hilo ulivukwa kila mara. Sotoka ilipoua mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wamaasai wengi waliofilisika walikimbilia kwa watu wa msituni, wakaishi kwa uwindaji na asali, na kwa muda huo wakawa *iltorrobo* wao wenyewe. Waliopata ng'ombe tena walirudi kuwa Wamaasai. Huwezi kuliita hilo kabila kwa maana tunayoifahamu leo. Ni hali ya maisha iliyogeuzwa kuwa jina la watu.

Dharau yenyewe ilikuwa na hadithi ya kuihalalisha. Katika simulizi moja ya Kimaasai, Mungu alikuwa akiwateremsha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi, na Mdorobo aliyekuwapo akashindwa kuzuia mshangao wake akapiga ukelele. Mungu akausimamisha ukanda, na tangu hapo Mdorobo akaachiwa wanyama wa porini kuwa fungu lake. Hata hivyo simulizi hiyo hiyo inakiri jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, kwamba Mdorobo alikuwapo nchini tangu mwanzo, pamoja na tembo na nyoka. Anayemdharau ndiye anayeshuhudia kwamba alimkuta.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Jina hili halikutoka umaasaini hadi katika vitabu vya Wazungu kwa njia ya moja kwa moja. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyokwenda bara kutafuta pembe za ndovu katika karne ya 19 ilitegemea sana wawindaji hao wa msituni, na wapagazi na wakalimani wa misafara ndio waliolivika neno la Kimaa kiambishi chetu, likawa "Wandorobo". Joseph Thomson alipopita umaasaini mwaka 1883 na 1884 aliongozwa na watu wa pwani, na jina aliloandika lilikuwa lile lile lililokuwa midomoni mwao. Utawala wa kikoloni ulilikuta limekwisha kuzoeleka, ukaliandika "Dorobo" katika faili zake. Kwa hiyo lugha yetu ilikuwa daraja la jina hili, na nadhani tuna wajibu wa kulieleza vizuri.

Hapo ndipo jina la dharau lilipopata nguvu ya sheria. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 1932 chini ya Morris Carter na ripoti yake kuchapishwa mwaka 1934, ilipendekeza kwamba Wadorobo wahamishwe wakamezwe na kabila ambalo wanakaribiana nalo zaidi. Makabila mengine yalitengewa maeneo, hata kama yalikuwa finyu na ya udhalimu. Wao walihesabiwa kuwa mabaki ya watu yasiyostahili kuwa na eneo lao. Mtu akikuita "asiye na kitu" kwa muda mrefu, huja siku mwenye mamlaka akachukua jina lako kuwa ushahidi kwamba kweli huna.

Mtoto wa Konoito amejibu:

Mwalimu, shikamoo, na umfikishie nyanya huyo salamu zangu, kwa maana mimi pia ni Ogiek wa Mau na maneno yake ningeweza kuyasikia kwa mama yangu. Ninamshukuru Mpenda Tarehe kwa maelezo yake. Nataka kuongeza lile ambalo faili haziwezi kukueleza.

Maandalio yako yanasema "waliotangatanga". Tafadhali lifute neno hilo kwanza, hata kabla ya kulishughulikia jina lenyewe, kwa sababu nadhani limetudhuru zaidi. Msitu wa Mau haukuwa pori lisilo na mwenyewe. Uligawanywa katika *konoito*, yaani vipande virefu vya ardhi vinavyoanzia chini kwenye joto na kupanda hadi juu kwenye baridi, na kila kipande kilikuwa mali ya ukoo unaojulikana, kikipakana na cha ukoo mwingine kwa mto, ukingo wa kilima au mti mkubwa. Sababu ya kukata ardhi namna hiyo ni nyuki. Maua hayachanui kwa wakati mmoja katika miinuko yote. Yakiisha chini, yanaanza juu, na mwenye mizinga hufuata maua ndani ya kipande chake mwenyewe. Mtu wa nje aliyemwona babu yangu bondeni mwezi huu na kumkuta juu mlimani miezi mitatu baadaye alisema anatangatanga. Babu alikuwa anakagua shamba lake.

Mizinga ile ilichongwa kwa mtarakwa, ambao hauozi upesi, na mzinga ulirithiwa kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Bila asali hapakuwa na mahari, tohara wala kuwaombea wazee. Wamaasai waliotuita maskini walihitaji asali yetu kwa sherehe zao, na ngozi ya nyati kutoka msituni kwa ngao zao. Sisemi hivyo kwa kulipiza maneno. Jirani zetu wengi wamekuwa wema, na dada yangu ameolewa kwao. Ninasema kwa sababu mtoto anayecheka darasani hajui kwamba kulikuwa na biashara ya watu wawili wanaohitajiana.

Kuhusu aibu, nitakueleza niliyoyaona. Nilipokuwa shule, jina hilo lilitumika kwa yeyote aliyevaa nguo iliyochanika, aliyekuja na viazi vya kuchoma badala ya mkate, au aliyeshindwa kujibu swali, hata kama alikuwa wa kabila lingine kabisa. Mwalimu mmoja alilitumia pia. Sisi tuliokuwa nalo kihalisi tulijifunza kujificha. Baba yangu alitusajili kama Wakipsigis, na binamu zangu wa upande wa Narok waliandikwa Wamaasai. Nyumbani tuliongea lugha yetu kwa sauti ya chini wageni walipokuwapo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu Ogiek 78,691, na ya mwaka 2019 ikahesabu 52,596. Watu wetu hawakufa kwa idadi hiyo katika miaka kumi. Ninapoitazama tofauti hiyo ninawakumbuka binamu zangu.

Jambo hili halikuishia kwenye hisia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2009 ilani ilitolewa kwamba wakazi wa Mau waondoke msituni katika siku 30. Shauri letu lilipelekwa kwenye Tume ya Afrika, kisha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Mojawapo ya hoja za serikali ilikuwa kwamba Ogiek si jamii ya pekee, bali ni mchanganyiko wa makabila mbalimbali. Je, hoja hiyo haifanani na ile ya miaka ya 1930? Katika hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliikataa. Ilitaja kwamba ombi letu la kutambuliwa ni la tangu enzi za ukoloni, na kwamba Tume ya Ardhi ilikuwa imelikataa kwa kutuona watu washenzi wasiostahili hadhi ya kabila. Mahakama ikasema sisi ni watu wa asili ambao ni sehemu ya watu wa Kenya, kwamba kunyimwa hadhi waliyopewa wengine kulikuwa ubaguzi, na kwamba haikuthibitishwa kuwa sisi ndio chanzo kikuu cha kuharibika kwa Mau. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya utu wetu. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 familia nyingine ziliondolewa Sasimwani, kaunti ya Narok, kwa hiyo usidhani kwamba haya ni mambo ya kale.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Babu yangu aliacha kipande chake, yaani kitambulisho cha enzi za Mwingereza, na mahali pa kabila pameandikwa "Dorobo". Siwezi kuruhusu mtu aniite hivyo, lakini siwezi pia kukichoma kile kipande, kwa sababu kinaonyesha kwamba tulikuwapo. Usilifute jina katika maandishi ya zamani. Eleza lilivyoandikwa, nani aliliandika, na nani alikuwa anaandikwa.

Mkazi wa Kiteto amejibu:

Nimesoma kwa makini kutoka upande wa Tanzania, kwa sababu huku kwetu wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara, tunao Waakie, ambao lugha yao ni ndugu wa ile ya Ogiek, nao pia wameitwa Wandorobo kwa miaka yote ninayoikumbuka. Wao pia ni watu wa asali, mizizi na uwindaji, na mapori yao yanazidi kupungua kwa mashamba na malisho ya wengine.

Lakini huku aibu ina tabaka la pili. Katika Kiswahili cha Tanzania, ndorobo ni mdudu: ni inzi yule yule aitwaye pia mbung'o, anayeleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Mtoto wa Kiakie anapoitwa Mndorobo shuleni, wenzake hawamfikirii mtu asiye na ng'ombe, maana hawajui Kimaa, wanamfikiria inzi. Nimewasikia hata watu wazima wakieleza kwa uhakika kwamba jamii hiyo iliitwa hivyo kwa kuwa inaishi katika mapori yenye ndorobo.

Maelezo hayo hayanishawishi hata kidogo. Mbung'o ni mdudu wa mapori yenye joto, hastahimili baridi ya milima mirefu. Sasa watu wa Mau na wa Mlima Elgon, wanaoamka asubuhi na kukuta umande umeganda, wangeitwaje kwa jina la mdudu asiyefika kwao? Kufanana kwa maneno mawili si ushahidi kwamba moja limezaa lingine. Hata hivyo mtoto anayechekwa hapati nafuu yoyote kwa hoja yangu, na kwa sababu hiyo mimi ningependa jina hilo likome kabisa katika mazungumzo ya kila siku, libaki kwa mdudu peke yake.

Mosop amejibu:

Nimechelewa kuingia, na nitasema jambo ambalo huenda lisiwapendeze wote. Mimi ni mtu wa Mlima Elgon, wa watu wanaojiita Ogiek wa Chepkitale. *Mosop* kwa lugha yetu ni nchi ya juu, na *soy* ni nchi ya chini. Sisi ni wa juu, penye mbuga za majani zilizo juu ya msitu. Wazee wetu walifuga ng'ombe huko. Hebu yafikirini hayo: jina lenye maana ya "wasio na ng'ombe" liliandikwa kwa watu waliokuwa na ng'ombe, na likashika. Hapo mnaona kwamba lilipofika kwetu halikuwa tena na maana yake ya Kimaa. Lilimaanisha tu "wale wa huko juu, ambao hatuwahesabu".

Kuanzia mwaka 1971 tulianza kuteremshwa hadi makazi ya Chebyuk, na mwaka 2000 nchi yetu ya Chepkitale ikatangazwa kuwa hifadhi ya wanyama. Chebyuk ikawa na mgogoro juu ya mgogoro, kwa sababu walioteremshwa walikutana na wengine waliohitaji ardhi hiyo hiyo, na swali la nani ni wa Soy na nani ni Mndorobo likawa swali la nani atapata shamba. Kati ya mwaka 2006 na 2008 mlima wetu ulimwaga damu kwa sababu hiyo, kwanza kwa kundi lililojiita jeshi la kutetea ardhi ya Wasabaot, kisha katika operesheni ya jeshi la serikali iliyoanza Machi 2008. Niliwazika watu wa pande zote mbili.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana moja kwa moja na ndugu wa Kiteto. Kwetu wako wazee ambao wamelishika jina "Ndorobo" kwa mikono miwili, si kwa kuwa hawajui maana yake, bali kwa kuwa ndilo lililoandikwa pamoja na mipaka ya nchi yao. Mzee wa namna hiyo ukimwambia kwamba jina lake ni tusi asilitamke, anaweza kukuuliza: nikiliacha, nitaidai Chepkitale kwa jina gani? Vijana wetu wamelijibu swali hilo kwa kushika jina Ogiek, nami niko pamoja nao. Ninachoomba ni kwamba asiwepo mtu wa nje wa kumsahihisha mzee huyo. Aachwe aliseme mwenyewe mpaka atakapolitua mwenyewe.

Mpenda Tarehe amejibu:

Ndugu Mosop, nimekuelewa, na ninakushukuru kwa kutukumbusha. Nitatoa mfano mmoja wa karibu na hilo unalosema. Wazee wa Kikuyu walipodai ardhi ya Kiambu mbele ya Tume ile ya Carter, hoja yao kuu ilikuwa kwamba baba zao waliinunua kwa mbuzi kutoka kwa Wandorobo, ambao kwa Kikuyu huitwa Athi. Maana yake ni kwamba jina hilo hilo, katika baraza lile lile, lilitajwa kama jina la wauzaji halali wa ardhi, na kisha likatajwa kama jina la watu wasiostahili ardhi. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi wake mambo hayo mawili sambamba, watauliza maswali yao wenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 nayo inafaa kutajwa darasani. Kifungu cha 63 kinaweka katika ardhi ya jamii zile ardhi za mababu zilizokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji, na kifungu cha 260 kinazitaja jamii za namna hiyo miongoni mwa jamii zilizotengwa. Katika vifungu hivyo watu hawa wametajwa kwa maisha yao na ardhi yao, bila kulitumia jina lile.

Mwalimu wa Nyanda za Juu amejibu:

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimeyaandika upya maandalio yangu jana usiku. Neno "waliotangatanga" nimeliondoa, na mahali pake nimechora mlima wenye vipande vya *konoito* kutoka bondeni hadi juu, ili wanafunzi waeleze wenyewe kwa nini mwenye mizinga alihitaji kuwa na ardhi ya chini na ya juu. Jina "Dorobo" litaonekana mara moja tu, katika somo la utawala wa kikoloni, pamoja na maelezo ya nani aliyelitoa. Ndugu Mosop, nimezingatia onyo lako: sitamsahihisha mzee yeyote.

Nimemwomba nyanya wa yule msichana aje azungumze na darasa kuhusu asali, naye amesema atafikiri, nami sitamharakisha. Nina swali dogo la mwisho kwa Mtoto wa Konoito. Mahali pengine ninaona "Okiek", pengine "Ogiek", na magazetini "Waogiek". Niandike ipi ubaoni?

Mtoto wa Konoito amejibu:

Andika Ogiek, Mwalimu, ndivyo wengi wetu tunavyoandika siku hizi. Okiek ni sauti hiyo hiyo katika maandishi ya watafiti. "Waogiek" si kosa la kuudhi, ila fahamu kwamba neno letu tayari lina wingi ndani yake. Watu wengi ni Ogiek. Yule msichana wako, akiwa peke yake, ni Ogiot.